Wakili na Mwakilishi

Sentensi hii ni kweli mara mbili: "Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois." Ni kweli kwa kipindi cha Januari 1997 hadi Novemba 2004, alipokuwa mmoja wa maseneta 59 wa bunge la jimbo hilo mjini Springfield. Ni kweli tena kwa kipindi cha Januari 2005 hadi Novemba 2008, alipokuwa Washington, mmoja wa maseneta 100 wa Marekani nzima. Kazi ni mbili, mabunge ni mawili, na sheria zinazotungwa humo ni za ngazi mbili. Kiswahili chetu cha habari hutia vyote katika jina moja, na msomaji asiyezijua tarehe hana njia ya kutambua anasoma habari za seneta yupi.

Nimeichagua safari hii ya Obama, kutoka uwakili hadi bungeni, kwa sababu mbili. Kwanza, ni ya mtu ambaye kwa upande wa baba asili yake ni Kogelo, Siaya, na wasemaji wa Kiswahili wameifuatilia kwa karibu tangu ilipoanza kung'aa. Pili, ni safari ya kawaida kwa Wamarekani: mtu husomea sheria, akawa wakili, kisha akaingia bunge la jimbo lake. Katika Illinois hiyohiyo, Abraham Lincoln alichanganya kazi hizo mbili: alichaguliwa kuingia bunge la jimbo mwaka 1834, akapata leseni ya uwakili mwaka 1836 akiwa tayari mbunge, akakaa bungeni hadi 1842. Kuisimulia safari ya namna hii kwa Kiswahili kunahitaji maneno machache tu: wakili, mwakilishi, hoja, jimbo, muswada, kura. Kila moja lina ukoo wake, na ninaamini kwamba tukiyasikiliza kwa makini yatatufunulia kazi yenyewe vizuri zaidi kuliko vyeo vinavyotangazwa.

WAKILI

Kiswahili kina majina mawili ya mtu wa sheria. Mwanasheria ni jina pana: linamfaa mwalimu wa chuo, mshauri wa benki, na hata Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili ni jina lenye masharti. Anayeitwa hivyo ameapishwa, ameandikishwa, na ana ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mwingine. Mtu anaweza kuwa mwanasheria maisha yake yote asiwe wakili hata siku moja.

Obama alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, baada ya kuwa mtu mweusi wa kwanza kuliongoza jarida la sheria la chuo hicho. Akaandikishwa kuwa wakili Illinois, na mwaka 1993 akajiunga na ofisi ndogo ya Chicago iitwayo Davis, Miner, Barnhill & Galland, iliyojulikana kwa kesi za haki za raia. Wakati huohuo alikuwa akifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, kazi aliyoifanya tangu 1992 hadi 2004. Asubuhi aliyosimama darasani alikuwa mwanasheria. Aliposaini hati ya mahakama kwa niaba ya mteja alikuwa wakili.

Neno wakili tulilipokea kutoka Kiarabu, na pwani yetu haikulifungia mahakamani. Katika ndoa ya Kiislamu, walii asipoozesha mwenyewe humweka wakili. Mwenye mali akisafiri humwachia mtu uwakili wa nyumba na shamba lake. Ndugu za neno hili tunao kila siku: wakala anayetupokelea na kututolea fedha za simu mtaani, Wakala wa Barabara anayeshughulikia njia kuu za Tanzania, na kitenzi kutawakali, yaani kumwachia Mungu jambo baada ya wewe kutimiza la kwako. Al-Wakil ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Kote humo maana ya msingi ni moja: mmoja ana jambo lake, mwingine amekabidhiwa. Ni neno la amana kabla ya kuwa neno la taaluma.

Amana hiyo ilionekana vizuri katika kesi iliyofunguliwa Illinois mwaka 1995. Miaka miwili kabla yake Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwawezesha raia kujiandikisha kupiga kura wanapofuata leseni ya udereva au huduma nyingine za serikali. Gavana wa Illinois, Jim Edgar, alikataa kuitekeleza. Mashirika ya kiraia, likiwemo lililoitwa ACORN, yakaenda mahakamani, na Obama akawa miongoni mwa mawakili wao. Serikali ya jimbo ikashindwa. Katika shauri kama hilo walalamikaji wana majina, wana dai lililoandikwa, na mahakama ina swali lililo wazi mbele yake. Wakili hawezi kuliacha dai la mteja akasemea jambo jingine analolipenda zaidi. Mteja asiporidhika, anaweza kumwondoa na kuweka mwingine.

MWAKILISHI

Chukua neno wakili, uliongezee kiambishi cha kusababisha: wakilisha. Kisha lifanye jina la mtenda: mwakilishi. Shina ni lilelile. Anayemsemea mtu mmoja mahakamani na anayewasemea maelfu bungeni, kwa Kiswahili, wametoka katika neno moja. Kwa hiyo Mswahili anayesema kwamba wakili fulani amekuwa mwakilishi tayari ameeleza kwamba kazi ya pili imejengwa juu ya ya kwanza.

Umbo la neno hilo lina jambo jingine la kufikirisha. Kiambishi cha kusababisha humhusu anayelifanya jambo litokee: anayelisha humfanya mwingine ale, anayesomesha humfanya mwingine asome. Kwa kanuni hiyo, anayewakilisha angekuwa yule anayemfanya mwingine awe wakili wake, yaani mpiga kura mwenyewe. Matumizi yameipeleka maana upande wa pili: leo anayewakilisha ni aliyetumwa, na aliyemtuma ndiye anayewakilishwa. Lugha ni ya wanaoisema, nami sidai turudi nyuma. Hata hivyo naithamini alama hiyo iliyobaki ndani ya neno, kwa sababu inatukumbusha kwamba tendo la kwanza la uwakilishi hufanywa na raia, kabla mheshimiwa hajafungua kinywa.

Zanzibar ndiko mwakilishi alikopewa cheo kamili. Tangu mwaka 1980 kuna Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Mpiga kura wa Unguja au Pemba humchagua mbunge atakayekwenda Dodoma na mwakilishi atakayekaa Chukwani, na hawachanganyi hata kidogo. Kenya nayo, tangu mabunge ya kaunti yalipoanza kazi mwaka 2013, ina mwakilishi wadi. Maeneo hayo mawili yana historia na katiba tofauti, na hakuna lililo nakala ya jimbo la Marekani. Lakini kwa pamoja yanaonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili anaifahamu siasa ya ngazi mbili. Anachohitaji ni mwandishi amtajie ngazi.

Obama alichaguliwa mwaka 1996 kuwakilisha wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago, eneo lililojumuisha mtaa wa Hyde Park kilipo Chuo Kikuu cha Chicago. Akachaguliwa tena 1998 na 2002. Hapo ndipo tofauti ya wakili na mwakilishi inapojitokeza ndani ya undugu wao. Wakili ana mteja anayemjua. Mwakilishi ana watu ambao wengi wao hawakumpigia kura, wanaopingana wao kwa wao, na ambao hawawezi kumwondoa kesho asubuhi, hungoja uchaguzi. Wakili hupokea maelekezo. Mwakilishi hupokea imani, halafu maelekezo mengi yanayokinzana. Ndiyo maana ujuzi wa kwanza hautoshi kwa kazi ya pili, ingawa huitangulia.

MSOMI, MHESHIMIWA NA HOJA

Mahakamani Tanzania, mawakili huitana "wakili msomi". Bungeni kila mtu ni "mheshimiwa". Anayetoka kazi moja kwenda nyingine hubadilishiwa jina la heshima, na badiliko hilo lina maana. Msomi ni heshima ya alichokisoma: amefaulu mitihani, ameapa, ameandikishwa. Mheshimiwa ni heshima ya waliomtuma. Mbunge ambaye hakumaliza shule ya sekondari ni mheshimiwa sawasawa na profesa wa sheria aliyekaa kiti cha jirani, kwa kuwa kura za wananchi wa mmoja hazipungui uzito mbele ya kura za wananchi wa mwingine. Profesa wa sheria anayeingia bungeni akidhani bado ni msomi kati ya wasio wasomi hajaelewa ameingia wapi.

Kuna maneno ambayo hayabadiliki yakivuka mlango. Hoja ni mojawapo. Mahakamani, hoja ni sababu anayoitoa wakili ili jaji akubaliane naye. Asili yake ya Kiarabu ni ushahidi na uthibitisho. Bungeni, hoja ni jambo lililowekwa mezani ili lijadiliwe na kuamuliwa: "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja," na mwingine husimama akajibu, "Naafiki." Mahakamani hoja huungwa mkono na ushahidi, bungeni huungwa mkono na watu. Wakili anaweza kushinda peke yake akiwa na hoja nzuri mbele ya jaji mmoja. Mwakilishi mwenye hoja nzuri na asiye na wa kuiafiki hana kitu. Naona hili ndilo somo gumu kuliko yote kwa mwanasheria anayeingia siasa, na Kiswahili kinalifundisha kwa neno moja lenye matumizi mawili.

Neno la pili ni kutetea. Wakili humtetea mshtakiwa. Mbunge huwatetea wananchi wake, na uchaguzi ukifika hutetea kiti chake. Mwaka 2000 Obama alijaribu kukichukua kiti cha Bobby Rush katika Bunge la Marekani. Rush alikitetea ndani ya kura za mchujo za chama cha Democratic, na Obama akashindwa kwa tofauti kubwa, akarudi Springfield kuendelea na kazi. Kitenzi kilekile kinachomfaa asiye na hatia kizimbani kinamfaa pia mwanasiasa anayeshikilia nafasi yake. Msikilizaji inambidi aulize kila mara: anatetea nini, na kwa faida ya nani?

JIMBO

Neno hili ndilo lenye mizigo mingi kuliko yote katika orodha yetu. Wakati wa ukoloni Tanganyika iligawanywa katika majimbo, kila moja likiwa na mkuu wake. Baada ya Uhuru likaja neno mkoa, na jimbo likabaki kwa kazi ya uchaguzi: mbunge wa jimbo fulani. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, neno majimbo lilibeba ndoto na hofu kwa pamoja. Chama cha KADU kiliyataka ili jamii ndogo zisimezwe. KANU iliyaona kama njia ya kuigawa nchi, na mfumo huo ukaondolewa mapema. Hadi leo Mkenya mwenye umri mkubwa hulisikia neno hilo kwa sikio la miaka ile. Kanisa Katoliki nalo lina majimbo yake, yenye maaskofu. Na Mkongo wa Bukavu akisema jimbo anakusudia Kivu Kusini, lenye gavana na bunge lake.

Sasa mwambie kila mmoja wao kwamba fulani ni "mbunge wa jimbo" nchini Marekani. Msomaji wa Bukavu ataelewa sawasawa: ni mjumbe wa bunge la ngazi ya jimbo. Msomaji wa Dodoma ataelewa kinyume chake, kwa sababu kwake mbunge wa jimbo ni yule aliyechaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wa eneo lake kwenda bunge la taifa, tofauti na mbunge wa viti maalumu. Hakuna aliyekosea. Mwandishi ndiye aliyetoa neno moja kwa masikio mawili.

Ugumu unaongezeka tukifikia seneta. Asili yake ya Kilatini ni mkusanyiko wa wazee, na tumelipokea kwa sauti yake bila kulitafsiri. Kenya ilikuwa na Seneti tangu 1963 hadi 1966, ikaifuta, kisha Katiba ya 2010 ikairudisha. Obama alipoitembelea Kenya mwaka 2006 akiwa seneta wa Marekani, cheo hicho hakikuwepo katika siasa ya nchi aliyoifikia. Leo kila kaunti kati ya kaunti 47 ina seneta, na wote hukutana Nairobi. James Orengo, wakili mwenye cheo cha Senior Counsel, alikuwa seneta wa Siaya tangu 2013 hadi 2022, kisha akawa gavana wa kaunti hiyo. Kwa Mkenya, basi, seneta ni mtu wa bunge la taifa anayelinda maslahi ya kaunti. Akisoma "seneta wa jimbo la Illinois" atamweka Washington moja kwa moja, na miaka karibu minane ya Springfield itapotea katika ufahamu wake. Hiyo ndiyo miaka iliyomfunza Obama kazi ya kutunga sheria.

MUSWADA

Tanzania wengi huandika muswada, Kenya wengi huandika mswada. Asili yake ya Kiarabu inahusiana na weusi: karatasi iliyotiwa weusi wa wino, rasimu ambayo bado inafutwa na kuandikwa upya. Mwandishi wa riwaya huita mswada yale maandishi anayompelekea mchapishaji. Bunge huita muswada sheria ambayo haijawa sheria. Naona uteuzi huu una hekima, kwa sababu unatuambia kwamba mapendekezo ya mbunge yanapofika mezani hayajakamilika na hayapaswi kudai heshima ya kitu kilichokamilika. Lazima yasomwe mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katiba ya Illinois inataka kila muswada usomwe kwa jina lake katika siku tatu tofauti ndani ya kila kimoja cha vyumba viwili vya bunge lake.

Kitenzi cha kazi hii ni kutunga, na kwangu ni miongoni mwa vitenzi vizuri kuliko vyote vya Kiswahili. Mshairi hutunga shairi, mama hutunga mimba, mtoto hutunga shanga katika uzi, bunge hutunga sheria. Katika kila hali kuna vitu vilivyokuwa mbalimbali vinavyounganishwa vikawa kimoja. Matokeo yake huitwa vifungu, kutokana na kufunga. Sheria iliyotungwa vizuri haina kifungu kinachoning'inia.

Tuutazame muswada mmoja kwa karibu. Tangu adhabu ya kifo iliporejeshwa Illinois mwaka 1977, jimbo lilikuwa limewaua kwa sindano watu 12, na katika kipindi hichohicho watu 13 waliokwisha kuhukumiwa kifo waligundulika hawakustahili hukumu hiyo wakaachiwa. Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo Januari 2000, akaunda tume, na tume hiyo ikapendekeza mambo mengi, likiwemo la kurekodi mahojiano ya polisi. Sababu ilikuwa wazi. Chicago ilikuwa na historia ya watu waliokiri makosa baada ya kuteswa na polisi waliokuwa chini ya kamanda Jon Burge. Januari 2003, kabla ya kuondoka madarakani, Ryan aliwasamehe wanne wa aina hiyo na kuwapunguzia adhabu wote wengine waliokuwa wakisubiri kifo.

Mwaka huohuo chama cha Democratic kilipata wingi katika Seneti ya Illinois, Emil Jones akawa kiongozi wake, na Obama akausimamia muswada wa kurekodi mahojiano. Ulimhusu mtuhumiwa. Kiswahili kinatenganisha kwa makini: mtuhumiwa, ambaye Kenya humwita mshukiwa, ameshikwa lakini bado hajafikishwa mbele ya hakimu, mshtakiwa amesomewa mashtaka, mfungwa amehukumiwa. Mtu huwa dhaifu zaidi katika hatua ya kwanza, akiwa chumbani na polisi, bila jaji na mara nyingi bila wakili. Muswada uliagiza kwamba katika kesi za mauaji mahojiano ya mtu aliye kizuizini yarekodiwe. Maelezo yasiyorekodiwa yangehesabiwa kuwa hayapokeleki mahakamani, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika.

Polisi na waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich, naye hakuwa na shauku mwanzoni. Obama akakutana na wapinzani hao, akasikiliza wanachokihofia, muswada ukarekebishwa, na katika Seneti haukupata kura ya kuupinga. Gavana akausaini mwaka 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimetangulia kurekodi, mwaka 1985 na 1994, lakini kwa uamuzi wa mahakama zao za juu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Alaska na Minnesota sharti lilipatikana kwa njia ya wakili: kulikuwa na mshtakiwa mwenye jina na kesi yake, mahakama ikaamua, na uamuzi ukawagusa wengine. Illinois lilipatikana kwa njia ya mwakilishi: alitungiwa mtu ambaye hajakamatwa, atakayehojiwa na polisi ambaye hajaajiriwa, kuhusu kosa ambalo halijatendeka. Wakili humsemea anayemjua. Mwakilishi huwatungia watu asiowajua na pengine hatawajua kamwe. Shina ni moja, upana ni tofauti, na mtu aliyepita katika kazi zote mbili anajua udhaifu wa kila moja: kesi huja baada ya madhara, na sheria huja kabla ya uso wa mtu kuonekana.

KURA

Seneti ya Illinois ina maseneta 59, na muswada hupita ukipata kura 30 za ndiyo. Hesabu hiyo haijali ni wangapi wamehudhuria. Ni wingi wa wote waliochaguliwa. Seneta ana majibu matatu. La kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana. La tatu ni neno ambalo kwa Kiswahili mwanafunzi huliitikia jina lake linaposomwa: nipo.

Obama alijibu hivyo takriban mara 130 kati ya maelfu ya kura alizopiga Springfield, na alipogombea urais wapinzani wake walimlaumu kwa hilo. Tukiandika kwamba "hakupiga kura", tumepotosha, kwa sababu alikuwepo na jibu lake likaandikwa. Tukiandika kwamba "hakuegemea upande wowote", tumepotosha kwa namna nyingine. Palipo na sharti la kura 30, kila nipo ni kura moja iliyokosekana upande wa ndiyo, kwa hiyo katika hesabu ya mwisho haina tofauti na hapana. Maseneta wa huko huitumia kwa sababu mbalimbali: kuonyesha kwamba lengo la muswada ni zuri lakini kifungu fulani kinagongana na katiba, kulazimisha mazungumzo zaidi, au kukwepa lawama za kura ya wazi. Msomaji anastahili kuambiwa kwamba sababu zote hizo zinawezekana, halafu aamue mwenyewe kwa kila kura.

Mimi ningeiita kura ya nipo, bila kuogopa kwamba inasikika ngeni. Kwa mara ya kwanza mwandishi aongeze maelezo mafupi: haiungi mkono, haipingi kwa jina, lakini haisaidii muswada kupita. Baada ya hapo msomaji ataizoea, kama alivyozoea kura ya maoni na kura ya turufu.

TUANDIKEJE?

Maswali haya yana uzito wa sasa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi. Miswada, hukumu na mijadala inazidi kuandikwa katika lugha hii, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1967, haliwezi kuibeba kazi yote peke yake. Waandishi wa habari, wafasiri, mawakili na waheshimiwa wenyewe hufanya istilahi kila siku kwa kuchagua neno hili na kuacha lile.

Kwa safari tuliyoizungumzia, ningependekeza hivi. Kwa aliyeko Springfield: seneta katika Bunge la Jimbo la Illinois. Kwa aliyeko Washington: seneta wa Marekani kutoka Illinois. Maneno katika na kutoka ni madogo, lakini yanabeba ngazi yote. Mjumbe wa chumba kingine cha bunge la Springfield aitwe mwakilishi katika bunge la jimbo, kwa kuwa Washington nako kuna Baraza la Wawakilishi. "Mbunge wa jimbo" tusiitumie peke yake pale inapoweza kusomwa kwa namna mbili. Wakili aitwe wakili akiwa na mteja, na mwanasheria akiwa na elimu hiyo bila mteja.

Mkazi wa Hyde Park aliyetaka polisi warekodi mahojiano mwaka 2003 alikuwa na mtu mahususi wa kumdai: seneta wake wa Springfield, si yule wa Washington. Mkazi wa Siaya anayelalamikia dawa za hospitali ya kaunti naye ana mtu mahususi, na mwananchi wa Pemba anayetaka sheria ya Zanzibar irekebishwe anajua kwamba mwakilishi wake, na si mbunge wake, ndiye wa kuulizwa. Mtu hawezi kumdai aliyemkabidhi amana yake ikiwa lugha yake imewachanganya waliokabidhiwa. Tukiandika vyeo kwa usahihi tunampa raia jina la anayepaswa kumjibu, na hakuna sababu kubwa kuliko hiyo ya kuzihangaikia istilahi.